Mwenyekiti wa Kwanza

Katibu wa chama cha vijana aliganda, daftari la mkutano wa kwanza mikononi. Kijitabu cha historia yao ya miaka hamsini kilikuwa kinakwenda kuchapwa jioni hiyo, kikisema mwenyekiti wa kwanza hajulikani. Kumbe daftarini, penye sahihi ya mwenyekiti, palikuwa na alama ya kidole gumba, imekatwa na kovu lililopinda kama ndoana.

Kidole hicho kilimmenyea machungwa tangu utotoni!

Akatimua mbio hadi nyumbani. "Bibi! Si ulisema kazi yako chamani ilikuwa kuwapikia chai tu?"

"Na chai nilipika," bibi akajibu, akiendelea kumenya viazi.

"Hebu lete kidole!"

Bibi akaweka kisu chini, akakifuta kidole kwenye nguo yake. "Miaka hamsini nangoja mtu aulize. Wino umekuja nao?"