Salamu Kwanza

Anton aliificha nyuma ya mgongo kandambili ya mume wa Habiba. Wanaume wote walikuwa bado mtoni wakimtafuta mwenyewe. Anton, mzee asiyejua kuogelea, ndiye waliyemtuma kwa mke.

Habiba alikuwa uani akipeta mchele. Akaiona suruali ya Anton ilivyolowa. Mikono ikasita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Habiba ndiye aliyemfundisha, tangu alipohamia Rufiji kutoka Ujerumani uzeeni: salamu kwanza, na jibu ni salama, hata nyumba ikiungua. Baya husemwa baada ya hapo. Siku zote Anton aliona ni kupoteza wakati tu.

"Habari za kwako?"

"Salama."

"Za shamba?"

"Salama."

"Na za... za mtoni?"

"Salama," akasema Anton.

Salamu zilikuwa zimekwisha. Ungo ulikuwa umelala upande, punje zikimdondokea miguuni. Akautazama ule mkono uliofichwa, akafumbua kinywa.

Anton akamuwahi.

"Na wewe, mwanangu? Kuku wako hawajambo?"

"Hawajambo," akajibu Habiba, na taratibu akaketi chini.