Mama Anatunzwa na Kiwanda

Tangu serikali za Ulaya zilipoamuru kila kampuni itunze mzee mmoja wa mtaani kwake, kiwanda kimoja cha rangi huko Rotterdam kilimtunza vizuri mama yake Mwanakombo. Anneke, mfanyakazi wa kiwanda hicho, alimletea uji kila asubuhi, akamkanda miguu, akajifunza hata Kiswahili.

Siku moja Anneke alikuja na begi tupu.

"Sheria imebadilika. Sasa wazee watahamia kiwandani."

"Mama haendi popote," Mwanakombo alisema.

"Ataamua mwenyewe, Bi Mwanakombo."

Mama alitabasamu. "Anneke mwanangu, nivae kanga ipi?"

Mwanakombo alisimama mlangoni kuwazuia. Mama akamng'ang'ania Anneke mkono, akamnong'oneza kwa woga, "Huyu mwanamke ni nani?"