Aliyeshuka Kitonga Peke Yake

"Mlima Kitonga nimeushuka na gari mwenyewe, kwa mikono hii hii!" Lusajo alitamba sebuleni kwa rafiki yake Zuberi, mjini Morogoro. "Nyinyi watoto wa geti kali mngejikojolea."

Siku hizi, moyo wa dereva ukienda mbio mlimani, usukani hukabidhiwa mtu wa mbali, anayeliendesha gari kupitia kioo cha kompyuta akiwa nyumbani kwake, huku akimwona na kumsikia aliyemo.

"Hao madereva wa mbali ni wa waoga," Lusajo alibeza. "Vibibi vinaendesha huku vinasonga ugali!"

Zuberi alicheka kinyonge. Mama yake akatokea jikoni na sinia la wali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akamkazia macho. "Kumbe ni wewe? Ulipofumba macho ukalia 'Mama, nakufa,' mimi niliitika. Hukunisikia?"