Namba Moja Isishinde

Katibu wa Idara ya Kiingereza alichungulia kushoto, akachungulia kulia, kisha akaisukuma bahasha ndani ya sanduku la mbao. Korido ilikuwa tupu. Hata angeimba hapo kwa sauti, nani angemsikia? Wanafunzi walishahamia kwenye kompyuta na biashara.

Ndani ya bahasha mlikuwa na insha aliyoitunga mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha barua za ofisi. Makosa matano aliyatia makusudi. Mengine, tuseme ukweli, yalikuja yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi. Sanduku lingefunguliwa kesho yake saa sita mchana, na barua ya mkuu wa kitivo haikumung'unya maneno: tuzo isiyopata mshindani miaka miwili mfululizo inafutwa, na kibao chake kinang'olewa ukutani. Mwaka jana sanduku lilitoa vumbi tu.

Tuzo ilibeba jina la marehemu mke wa Mwalimu, yule mzee wa chumba cha mwisho anayefundisha ushairi. Mama huyo naye alifundisha hapo hapo. Tangu siku ya kwanza alimwita katibu "mdogo wangu", na mchana walikula pamoja wakicheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Tangu azikwe, katibu alikula peke yake, ameelekea kile kibao. Jina likitoka pale, litasomwa wapi tena? Na shemeji yake Mwalimu, mzee wa watu, aliyekuwa akikipangusa kila asubuhi kwa leso, atapangusa nini?

Basi akaandika. Lakini kulikuwa na kasheshe moja. Kwa desturi ya idara, insha haina jina, ina namba tu. Jina la mwandishi hufungiwa kwenye bahasha ndogo. Ya mshindi hufunguliwa. Za walioshindwa huchanwa zikiwa zimefungwa, ili mtoto wa mtu asiaibike. Katika bahasha yake ndogo katibu alitia karatasi nyeupe. Insha yake ilitakiwa iwemo, ila isishinde. Na ikiwa peke yake je? Hilo alimwachia Mungu.

Ijumaa zikatoka tatu. Tatu! Katibu nusura apige vigelegele. Ukiondoa yake, walikuwepo vijana wawili waliokaa chini wakaandika.

"Watoto bado wanasoma," Mwalimu alisema, machozi yamemlengalenga.

"Si niliwaambia!" Huyo alikuwa mkutubi wa idara, mama aliyeitwa Kimya kwa sababu hunyamazisha watu maktabani huku kelele zake zinazidi za wote.

Katibu akazipiga namba. Yake akaipa moja. Zamani waamuzi walikuwa saba. Siku hizi walibaki wao watatu. Wakagawana nakala, wakasoma wiki nzima, wakakutana tena Ijumaa iliyofuata. Viti thelathini vya sherehe ya tuzo vilishapangwa ukumbini.

"Namba moja haifai," katibu akawahi. "Sarufi imelala chali."

"Acha hizo wewe," Kimya akamjia juu. "Namba moja ina moyo. Takataka ni namba mbili. Imejaa vumbi kama ghala langu."

"Namba mbili ni lulu," Mwalimu akasema kwa upole. "Ya kutupa ni namba tatu. Analialia tu."

"Namba tatu?" Katibu aliruka kitini. "Shemeji, namba tatu ilinitoa machozi!"

Hakuwa anasema uongo. Ilimhusu mtu anayeosha vikombe viwili kila asubuhi, na kimoja hakinywewi. Wiki ile yote katibu alikuwa akimwaza kijana huyo. Alitaka kumjua. Alikuwa amekwisha kupanga kumwambia kwamba mchana kuna kiti ofisini kwake, aje ale hapo, si lazima azungumze.

Walibishana saa nzima, wala hujapata kuona watu wanavyogombea kusifu. Kimya alipoona Mwalimu anataka kuipa ushindi namba mbili, akarukia namba tatu. Kura mbili kwa moja. Katibu akashusha pumzi. Namba yake ilikuwa imeshindwa, alhamdulillahi, na kibao kitabaki ukutani.

"Haya, mzee, tutajie mshindi," Kimya akasema.

Mwalimu aliishika bahasha ndogo ya namba tatu. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Hamna jina humu," akasema.

Gundi ya bahasha ilikuwa bado haijaguswa.

Kimya aliitazama bahasha, akamtazama Mwalimu. Kisha akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la gauni, akaifuta na kuifuta.

"Basi na ya namba mbili msihangaike kuifungua," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile sauti yake ilikuwa ya chini.

Polepole, wale wawili wakageuka wakaitazama bahasha ya namba moja, iliyobaki peke yake mezani, na uso wa Mwalimu ukaanza kuchangamka.

"Haidhuru," akasema. "Kumbe tunaye mmoja. Mmoja anatosha." Akaisogeza bahasha mpaka mbele ya katibu. "Tufungulie, shemeji. Anaitwa nani mtoto huyo?"