Ngoma Iliyobaki Mwilini

Bi Salme alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi pale mabega yalipoanza kumwasha, akajua kuna mtu ameiomba ngoma yake. Aliitunga akiwa msichana, kumlilia marehemu mama yake, na kama wachezaji wote wa siku hizi alitiwa ngoma hiyo mwilini ili isipotee. Tangu hapo, yeyote anayetamani ya zamani huiomba kwa simu, na mwili wa Bi Salme huinuka wenyewe kuicheza, atake asitake, awe jikoni, awe msalani.

Binti yake, Raiyan, alimwondolea nazi mkononi na kusogeza sufuria, kama walivyozoea. Magoti yalimuuma Bi Salme mpaka akauma meno, lakini mikono ikanyooka kumwita asiyerudi, laini kama ya msichana yule.

"Nani huyo asiye na huruma?" alihema ngoma ilipokwisha.

Raiyan alikuwa na simu chini ya kanga, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, mama. Nilikukumbuka ulivyokuwa zamani."

"Mwanangu, mimi si niko hapa?"

Kidole cha Raiyan kikairudia simu chini ya kanga. Mabega ya Bi Salme yakaanza kuwasha tena.