Mkono wa Saba wa Rangi

Kabati lilikuwa limeamka na madoa tena.

Jana jioni liliachwa jeupe pe, kama shati la bwana harusi. Asubuhi hii mlango wake wa kushoto ulikuwa na michirizi myekundu, utadhani mtu amelimwagia chai ya rangi kutokea ndani. Mzee Clarrie alilitazama kutoka kwenye kiti chake barazani, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili ulikuwa haumsikii tangu kiharusi cha mwaka jana. Mkono wa kulia nao vilevile.

"Limetema tena," alisema binti yake Kerryn, mikono kiunoni.

"Mama yako hakupenda nyeupe. Unamkera huko aliko."

"Mama hakupenda vitu vingi, Baba. Kunywa chai."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba ya kulelea wazee pale mjini Manjimup ilikuwa na chumba kimoja kitupu, na Brett, kaka yake Kerryn anayeishi mbali, jijini Perth, alikuwa amekishikilia mpaka kesho, Ijumaa, saa sita mchana. Clarrie aliapa hatoki bila kabati la marehemu mkewe. Nyumba ya wazee ikasema sawa, ila lipakwe nyeupe, maana wazee wao macho hayaoni vizuri, na mbao za rangi nzito wakizigonga huwavunja magoti. Kwa hiyo kabati likikauka safi, mzee anaondoka nalo. Lisipokauka, chumba anapewa mwingine.

Brett ndiye aliyeamua, na Brett akiamua hata mvua huomba ruhusa. Kerryn hajawahi kumshinda kwa maneno tangu utotoni. Na Clarrie je? Mtu anayefungwa vifungo vya shati na mwanawe atabishana na nani?

Alichobaki nacho ni siri moja. Miaka arobaini alikuwa fundi wa makabati, na mbao yake ilikuwa jara, ule mti mwekundu wa kwao. Jara ukiipaka rangi ya maji hutema wekundu wake mpaka juu, upake mikono mitatu, upake kumi, tabaka juu ya tabaka. Dawa yake ni mkono mmoja tu wa shelaki, ile vanishi ya kuzibia mbao, kabla ya rangi, basi, doa limefungiwa ndani. Kopo lilikuwa gereji, rafu ya juu. Wiki nzima Clarrie alikuwa amefunga domo.

Na Kerryn, maskini, alikosea kila kitu. Kila asubuhi alileta beseni la maji ya moto akalisugua kabati lote kwa kitambaa, eti litakate, ndipo apake. Maji ya moto juu ya jara ni sawa na kumkamua ng'ombe halafu ukashangaa maziwa yametoka wapi. Mzee alicheka kimoyomoyo, kisha akajionea haya.

Dusko, jirani, alichungulia juu ya uzio wa mabati, kikombe mkononi.

"Mkono wa ngapi huo, dada?"

"Wa saba."

"Mimi ningejenga ukuta mbele yake, yakaisha. Si uende dukani ukaulize? Wale hawakosi dawa."

"Dukani nitaenda nikipenda, Dusko. Kapalilie nyanya zako."

Simu ikalia. Kerryn aliipokea kwa kiwiko, akaiacha kwenye spika juu ya meza kwa sababu vidole vilikuwa na rangi.

"Limekauka?" Brett hakusalimu.

"Linatoa madoa, kaka."

"Kesho saa nne asubuhi naja na trela. Chumba hiki kikienda, kingine labda mwakani. Unanielewa?"

"Nafanya ninavyoweza."

"Unavyoweza wewe ndiyo imekuwa shida siku zote." Akakata.

Kerryn alijifuta vidole, akaleta beseni la maji ya moto na kitambaa, akalitua karibu na miguu ya baba yake. Kisha akapiga magoti juu ya kipande chake cha godoro, goti la kwanza likalia, la pili likaitikia. Kwenye nywele zake palikuwa na weupe, na Clarrie hakujua ni rangi au ni mvi. Ana miaka hamsini na minne. Aliacha kazi yake ya kuoka mikate ili amnyanyue yeye kitandani, amwogeshe, amkatie nyama vipande. Na leo ametukanwa kwa sababu baba yake amekalia siri kama kuku aliyekalia yai viza.

Akaweka kikombe chini.

"Kerryn."

"Nipo, Baba."

"Dawa ipo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mkono mmoja tu. Kopo liko gereji, rafu ya juu, linaitwa shelaki. Ukilipaka sasa hivi, halafu rangi juu yake, jioni limekauka na halitatema tena." Akaangalia mkono wake wa kulia uliolala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. "Kesho niko tayari."

Kerryn hakugeuka. Alikamua kitambaa, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe.

"Najua, Baba. Ulinifundisha nikiwa na miaka tisa," alisema. "Hebu nisogezee hilo beseni kwa mguu, maji yasije yakapoa."