Kitendawili cha Sufuria

Nyumbani kwa Marselina hakuna aliyefunua sufuria kabla ya kutegua kitendawili cha kilichomo, na aliyetegua ndiye aliyeombea chakula. Lakini tangu wamzike baba watoto, mwaka mzima sasa, jibu lilikuwa muhogo, na vitendawili vya muhogo vilimwishia tangu masika.

Jumapili hiyo alirudi kutoka kanisani, akapika, akaketi jikoni, amechoka hata kitambaa cha kichwa hakukivua. "Ombeni tu, wanangu. Leo mama hana kitendawili."

"Mimi ninacho," alisema Gaspari kwa ile sauti yake mpya, nzito, yenye kukwaruza. "Kitendawili."

"Tega."

"Kila siku hupakua, na hushiba bila kula."

Damari, dada yake, aliinamisha kichwa. Gauni alilovaa lilikuwa la mama yake, na lilimkaa sawasawa.

"Mwiko," alisema Marselina.

"Mwiko haushibi, mama. Toa mji."

"Haya, chukueni huu huu tunaoishi, na mihogo yake."

"Hatuutaki," alisema Damari. "Kila siku unatuambia umeonja jikoni, umeshiba. Leo tutakula wote watatu."

Gaspari alifumba macho, akaomba kwa kifupi, kisha akafunua sufuria.

Mvuke ulipotawanyika walivihesabu vipande. Vilikuwa viwili.

Damari alisogea karibu na mama yake, akanyoosha mkono, akaomba kisu.